Waliosimulia mabomu ya London

Katikati ya London, nyuma ya barabara pana ya Portland Place, kuna mtaa mtulivu unaoitwa Hallam Street. Kwenye ukuta wa jengo moja la mtaa huo, Weymouth House, kimebandikwa kibao cha duara cha rangi ya buluu. Kinaeleza kwamba Edward R. Murrow, mtangazaji wa Marekani, aliishi hapo katika nyumba namba 5 kuanzia 1938 hadi 1946.

Anayeijua historia ataona mara moja uzito wa miaka hiyo. Vita Kuu ya Pili ilianza Septemba 1939 na ikaisha barani Ulaya Mei 1945. Ilimkuta hapo na ikamwacha hapo. Hakuwa mwanajeshi wala balozi. Kazi yake ilikuwa kukaa katika mji wa watu wengine, kuangalia yanayowapata, kisha usiku kuwaeleza watu wa kwao waliokuwa ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki.

Mzazi wa leo hupata habari za vita kwenye simu kabla hajamaliza chai ya asubuhi, na mara nyingi mtoto huwa anachungulia begani mwake. Kwa mzazi huyo, matembezi ya nusu siku katika mitaa hii yana jambo la kufundisha. Hapa ndipo kundi dogo la waandishi wa habari wa kigeni lilipojifunza kusema jambo la kutisha kwa ukweli, bila kumtia msikilizaji kiwewe na bila kumdanganya.

Ushauri wa mwalimu

Murrow alifika London mwaka 1937 akiwa na miaka 29. Hakuwa na historia ya kuandika habari. Shirika la redio la CBS lilimtuma kupanga vipindi na kutafuta watu wa kuzungumza redioni. Machi 1938, Ujerumani ilipoimeza Austria, alikimbilia Vienna na kujikuta ameshika kipaza sauti mwenyewe. Tangu siku hiyo kazi ikabadilika.

Kila alipotangaza kutoka London alianza kwa kuutaja mji huo. Aliyemwelekeza namna ya kusema maneno hayo ya kufungulia alikuwa mwalimu wake wa zamani wa chuo, Ida Lou Anderson, mwanamke aliyeugua polio utotoni na kubaki na mwili dhaifu maisha yake yote. Akiwa Marekani alimsikiliza mwanafunzi wake redioni, akamwandikia kumshauri atulie kidogo baada ya neno la kwanza, halafu ndipo ataje mji. Murrow alifuata. Kituo hicho kifupi kikawa alama yake, na mamilioni ya Wamarekani wakakizoea kama watu wanavyozoea hodi ya jirani.

Wakati huo mashirika makubwa ya redio ya Marekani hayakutaka habari za kurekodi. Kila kitu kilitangazwa moja kwa moja. Ikiwa ni jioni New York na familia zimekaa sebuleni, London ilikuwa usiku wa manane, saa ambazo mabomu yalikuwa yakianguka.

Chumba cha chini

Kutoka Hallam Street hadi Broadcasting House, makao makuu ya BBC, ni dakika chache tu kwa miguu. Jengo hilo jeupe lilifunguliwa mwaka 1932, na umbo lake ni kama la meli iliyotia nanga kando ya kanisa la All Souls. Wakati wa vita ndipo Wamarekani walipotangazia, baada ya BBC kuwapa nafasi chini ya ardhi.

Studio waliyoitumia iliitwa B-4. Kilikuwa chumba kidogo ambacho zamani wahudumu wa mkahawa walibadilishia nguo. Kukifikia, mtangazaji alipita korido zenye magodoro na watu waliolala, maana wafanyakazi wengi hawakuweza kurudi makwao usiku. Ukumbi wa muziki wa jengo hilo nao uligeuzwa bweni. Katikati lilitundikwa pazia, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili.

Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1940 bomu liliingia ndani ya jengo hilo bila kulipuka papo hapo. Lililipuka baadaye, wakati taarifa ya habari ya saa tatu usiku ikiwa hewani, likaua wafanyakazi 7. Msomaji wa habari, Bruce Belfrage, alinyamaza kidogo, akapuliza vumbi lililoangukia karatasi zake, akaendelea kusoma. Wasikilizaji walisikia kishindo kwa mbali, kisha ile sauti waliyoijua ikaendelea.

Desemba 8 mwaka huohuo bomu lililoteremshwa kwa parachuti lilipasuka barabarani nje ya jengo. Fred Bate, mwakilishi wa NBC, shirika lililoshindana na CBS, aliumizwa vibaya. Mpinzani wa kazi alikuwa pia jirani wa studio. Katika chumba kile cha chini, kila mmoja alijua kwamba kesho zamu yake ingeweza kuwa ya machela.

Juu ya paa, na mtu wa swichi

Mashambulizi ya kila siku dhidi ya London yalianza Septemba 7, 1940, na mji ulipigwa usiku 57 mfululizo. Murrow hakutaka kuendelea kusimulia kutoka shimoni mambo yaliyokuwa yakitokea angani. Aliomba ruhusa ya kupanda juu ya paa na kueleza anachokiona, bila karatasi iliyoandikwa na kupitishwa mapema.

Serikali ya Uingereza ilisita, na ilikuwa na sababu. Neno moja tu, kama jina la daraja au mtaa unaowaka, lingeweza kumsaidia rubani wa adui kujua amelenga wapi. Kwa kawaida kila mwandishi wa kigeni alipeleka maandishi yake kwa wakaguzi wa Wizara ya Habari, iliyokuwa katika jengo refu la Senate House la Chuo Kikuu cha London, si mbali na British Museum. Kalamu ya mkaguzi ilifuta, mwandishi akabishana, saa zikayoyoma.

Kwa hiyo Murrow alitakiwa kwanza afanye majaribio. Usiku kadhaa alipanda paani na kurekodi maelezo yake ili wakubwa wayasikilize. Hatimaye ruhusa ikatoka, na usiku wa Septemba 21 Wamarekani walimsikia akisimulia kutoka juu ya paa. Hata wakati wa kutangaza moja kwa moja, mkaguzi alikuwapo, kidole kikiwa tayari kwenye swichi. Mtangazaji angeteleza ulimi, sauti ingekatwa.

Unaweza kudhani kwamba mtu aliyefungwa namna hiyo hakuweza kusema lolote la maana. Ukweli ni kwamba kizuizi kilimsukuma kwenye mambo madogo. Hakuweza kutaja ni wapi, basi alisema nini: rangi ya moto kwenye mawingu, mlio wa mizinga, watu waliosimama wakitazama. Msikilizaji wa Marekani hakuhitaji ramani ili aelewe nyumba iliyopoteza ukuta mmoja.

Hatua za miguu Trafalgar Square

Ukichukua treni ya chini ya ardhi kutoka Oxford Circus, vituo viwili tu vinakufikisha Charing Cross. Ukipanda ngazi unatokea karibu na Trafalgar Square. Upande mmoja wa uwanja huo kuna kanisa la St Martin-in-the-Fields lenye ngazi pana za mawe.

Hapo aliposimama Murrow usiku wa Agosti 24, 1940, wiki mbili kabla ya mashambulizi makubwa kuanza. Kilikuwa kipindi kilichounganisha watangazaji waliotawanywa sehemu mbalimbali za mji. Eric Sevareid alikuwa kwenye ukumbi wa dansi, na mwingine alikuwa katika hoteli ya Savoy. Ving'ora vikalia wakati kipindi kinaendelea. Taa zote za mji zilikuwa zimezimwa kwa amri. Chini ya kanisa kulikuwa na handaki la kujikinga, na watu walikuwa wakielekea huko.

Murrow alifanya jambo ambalo watangazaji wanalizungumzia hadi leo. Aliinama na kuweka kipaza sauti karibu na sakafu ya barabara, akawaacha wasikilizaji wasikie hatua za miguu. Watu wa London hawakuwa wakikimbia. Walikuwa wakitembea.

Hakuhitaji kuwaambia Wamarekani kwamba wenyeji wake ni mashujaa. Angesema hivyo, wengi wangesikia propaganda, kwa sababu nchi yao haikuwa bado imeingia vitani na wengi hawakutaka iingie. Aliwapa viatu tu, na kila nyumba ikaamua yenyewe maana yake.

Leo sehemu ya chini ya kanisa hilo, ambako watu walijikinga, ni mkahawa. Familia hula supu na keki chini ya matao ya matofali.

Watoto waliokuwa na vibandiko

Ukiendelea kwa miguu barabara ya Strand, baada ya dakika kama kumi unafika Savoy. Waandishi kadhaa wa Marekani walihamia hoteli hiyo wakati wa mabomu. Ilikuwa na handaki imara, chakula na simu, na mwandishi wa kigeni huhitaji vyote vitatu.

Lakini mashariki ya mji, katika mitaa ya bandari kama Stepney, familia za makuli na mafundi zilikuwa na kuta nyembamba na mahandaki mabovu. Usiku wa Septemba 14, 1940, diwani mmoja wa huko, Phil Piratin, aliongoza kundi la watu wapatao 70 au zaidi, wakiwamo watoto, hadi ndani ya Savoy. King'ora kilipolia wakadai nao waingie kwenye handaki la hoteli. Wakaingia. Baadaye king'ora cha usalama kikalia, wakaondoka.

Kwa mwandishi wa kigeni hiyo ilikuwa habari yenye miiba. Wenyeji wake walitaka dunia ijue kwamba London imeungana. Na kweli iliungana kwa mengi. Lakini bomu lililoangukia tajiri na lililoangukia maskini hayakuwakuta wamejiandaa sawa, na mwandishi mwaminifu alilazimika kusema yote mawili.

Hata treni za chini ya ardhi hazikuruhusiwa mwanzoni kutumika kama mahandaki. Watu wakanunua tiketi kama abiria, wakashuka na mablanketi, wakakataa kupanda juu. Serikali ikakubali. Mwishoni mwa Septemba 1940 watu wapatao 177,000 walihesabiwa wakilala kwenye vituo kwa usiku mmoja. Akina mama walitandika ukingoni mwa reli na kubembeleza watoto huku treni za mwisho zikipita.

Kwa nini watoto wengi walikuwa bado mjini? Mwanzoni mwa Septemba 1939 Uingereza ilikuwa imehamisha watu wapatao milioni 1.5 kutoka mijini, wengi wao watoto wa shule, wakiwa na kibandiko cha jina kwenye koti na kinyago cha kuzuia gesi begani. Walipelekwa vijijini kwa familia wasizozijua. Miezi ikapita bila mabomu, wazazi wakashindwa kuvumilia, wakawarudisha. Wengi walikuwa wamesharudi nyumbani moto ulipoanza.

Wengine walipelekwa ng'ambo. Septemba 17, 1940, meli ya City of Benares iliyokuwa ikielekea Kanada ilizamishwa kwa kombora la nyambizi ya Ujerumani. Kati ya watoto 90 waliosafirishwa kwa mpango wa serikali, 77 walikufa. Mzazi wa London hakuwa na uamuzi ulio salama kabisa. Akimbakiza mtoto kuna bomu, akimpeleka mbali kuna bahari.

Waandishi nao walikuwa wazazi. Sevareid alikuwa na watoto pacha waliozaliwa Paris miezi michache kabla ya mji huo kutekwa mwaka 1940. Mkewe aliwachukua na kurudi nao Marekani, yeye akaendelea hadi London. Kabla mwaka haujaisha naye alifunga mizigo akaenda kwa familia yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini.

Wanawake wa kazi hiyo

Helen Kirkpatrick wa gazeti la Chicago Daily News alikuwa mmoja wa waandishi hodari wa London. Alipoomba kazi aliambiwa gazeti hilo haliajiri wanawake. Jibu lake lilikuwa kwamba yeye hawezi kubadili jinsia yake, ila gazeti linaweza kubadili utaratibu wake. Gazeti likabadili. Aliandika habari za London chini ya mabomu, na Agosti 1944 aliingia Paris iliyokuwa ikikombolewa. Simulizi yake inamfaa kila mzazi mwenye binti anayeuliza maswali mengi.

Janet Murrow, mke wa Edward, hakukaa Hallam Street akisubiri mume tu. Alifanya kazi na Bundles for Britain, chama cha Wamarekani kilichotuma nguo na misaada kwa Waingereza, na mara kwa mara alitangaza redioni mwenyewe. Usiku mmoja wa Aprili 1941 walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu. Mume alitaka wapitie baa ya jirani walikozoea kukutana na marafiki wa BBC. Janet akamsihi waende nyumbani moja kwa moja. Alikubali. Muda mfupi baadaye bomu liliipiga baa hiyo na kuua watu waliokuwamo.

Murrow alikuwa na desturi ya kutoingia handakini isipokuwa kwa kazi, kwa hofu kwamba akizoea kujificha angepoteza ujasiri wa kutoka. Ofisi yake ilipigwa zaidi ya mara moja, ikabidi kuhama. Mtu wa namna hiyo huhitaji nyumbani mwenzi anayejua lini aseme, "Leo twende kulala." Usiku ule neno la mke liliokoa maisha ya wote wawili.

Siku nchi mbili zilipokuwa upande mmoja

Desemba 7, 1941, Japani ilishambulia Pearl Harbor. Akina Murrow walikuwa likizo Marekani, na jioni hiyo walikuwa wamealikwa kula Ikulu. Janet alidhani mwaliko umefutwa. Eleanor Roosevelt akasema waje, maana watu bado watahitaji kula. Rais hakuonekana mezani, lakini Murrow aliombwa asubiri. Baada ya saa sita usiku Roosevelt alimwita na kumweleza ukubwa wa hasara, pamoja na ndege nyingi zilizoharibiwa zikiwa bado chini.

Hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kupata, naye hakujua kama amepewa kama mwandishi au kama rafiki. Usiku huo alitembea huku na huko chumbani hotelini, akijiuliza kama wajibu wake ni kusema au kunyamaza. Hakuitangaza.

Aliporudi London mwaka 1942, mji ule ulikuwa sasa mji wa nchi mshirika, na kazi ikawa ngumu kwa namna mpya. Zamani alisimulia vita ya wengine. Sasa ni vita ya kwao pia, waandishi wamevaa sare, na wakaguzi wa jeshi la Marekani wameongezeka juu ya wale wa Uingereza. Mshirika ni kama shemeji: unampenda, unakula kwake, lakini si kila unachokiona jikoni kwake utakisema barazani.

Jambo moja ambalo wakubwa hawakutaka lisemwe lilikuwa ubaguzi ndani ya jeshi la Marekani. Wanajeshi weusi waliletwa Uingereza katika vikosi vya peke yao, na ubaguzi wa kwao ukawafuata. Juni 1943, katika mji mdogo wa Bamber Bridge, kaskazini mwa Uingereza, palitokea mapigano ya risasi kati ya wanajeshi weusi na polisi wa jeshi, na mwanajeshi mmoja mweusi akauawa. Wakaguzi walizuia habari hiyo isitangazwe kwa uwazi.

Ndiyo maana ilikuwa muhimu kwamba London ilikuwa na sauti nyingine pia. Rudolph Dunbar, mwanamuziki mzaliwa wa Guyana, aliandikia Associated Negro Press, shirika lililohudumia magazeti ya Wamarekani weusi. Baada ya vita, Septemba 1945, aliongoza okestra ya Berlin Philharmonic katika mji ulioharibiwa. Una Marson, mshairi kutoka Jamaika, aliajiriwa na BBC mwaka 1941 na kuendesha kipindi ambacho wanajeshi wa visiwa vya Karibi walituma salamu kwa mama, wake na watoto wao. Kwa familia iliyokuwa visiwani, habari kubwa ya vita ilikuwa kusikia sauti ya kijana wao akisema mzima.

Gharama

Usiku wa Desemba 2, 1943, Murrow alipanda ndege ya mabomu ya Waingereza kwenda kushambulia Berlin. Waandishi wanne walikwenda usiku huo katika ndege tofauti. Wawili waliuawa: Norman Stockton wa Australia na Nordahl Grieg wa Norwei. Wa tatu, Lowell Bennett, akatekwa. Murrow alirudi, akasimulia redioni alichokiona. Mtu aliyekuwa ameeleza mabomu kutoka chini sasa aliyaeleza kutoka juu, na hakuficha kwamba huko chini nako kulikuwa na mji wa watu.

Safari za namna hiyo alizirudia zaidi ya mara 20, ingawa wakubwa wake walimkataza. Janet alizijua. Katika nyumba namba 5 palikuwa na mtu aliyesubiri kusikia ufunguo ukigusa kitasa.

Mtoto wao wa kiume, wa pekee, alizaliwa London Novemba 1945, miezi sita baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Mwaka uliofuata familia ikarudi Marekani.

Mwisho wa Strand

Kutoka Savoy, dakika tano mbele, barabara inapinda kuelekea Aldwych, na hapo limesimama jengo la Bush House. Juni 30, 1944, mchana, kombora la V-1 lililopuka mtaani hapo na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa jengo la matangazo ya BBC kwa nchi za nje.

Hapa familia ya Waswahili itaguswa kwa namna yake. Juni 27, 1957, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kusikika, na kwa miaka mingi sauti zake zilitoka Bush House, hadi BBC ilipolihama jengo hilo mwaka 2012. Babu aliyevuta redio karibu na sikio kijijini, akiwanyamazisha watoto ili asikie Dira ya Dunia, alikuwa akisikiliza kutoka mtaa huu. Leo ndani yake ni madarasa ya chuo kikuu cha King's College London.

Familia itakayofika London inaweza kuyafanya matembezi haya kwa asubuhi moja, na watoto wakubwa wakayamudu: Hallam Street, Broadcasting House, Trafalgar Square, Savoy, Bush House. Mchana unaweza kumalizikia Imperial War Museum, ng'ambo ya mto Thames, ambako kiingilio ni bure na kuna vitu vya familia zilizoishi chini ya mabomu.

Kwa mzazi asiyefika London, kuna jambo moja la kubeba. Mtoto akiuliza kuhusu vita aliyoiona kwenye simu, hahitaji kuambiwa kwamba hakuna kitu, maana amekwisha kuona. Wala hahitaji kuonyeshwa kila picha. Waandishi wa London walianza na kile walichokijua, wakakisema kwa sauti ya kawaida, wakataja mtu, nyumba, kikombe cha chai, wakaacha yale ambayo hawakuwa na hakika nayo. Halafu wakatulia kidogo ili aliyesikia aulize.

Na kama siku moja mtakuwa kwenye ngazi za St Martin-in-the-Fields jioni, mpe mtoto simu, mwambie aiweke karibu na sakafu ya mawe na kurekodi dakika moja. Kisha mkae mkahawani chini, msikilize pamoja. Kutakuwa na mabasi, na vicheko. Halafu, sikio likizoea, mtasikia miguu ya watu wanaorudi makwao, taratibu, bila king'ora.